Mtoto Asiyeshika Kusoma

Karibu kila kijiji kina mtoto wa namna hii. Ng'ombe wa baba yake awajua mmoja mmoja kwa rangi na kwa pembe. Mtume dukani, naye atakurudishia chenji kamili. Jioni wakitegana vitendawili huwashinda walio wakubwa kuliko yeye. Lakini mtie kitabu mkononi, utaona uso wake unabadilika. Hukohoa, hujikuna, huomba ruhusa ya kwenda kunywa maji. Akianza kusoma hulikamata neno kwa shida kama mtu ashikaye kambare, na hata akilikamata, ukurasa wa pili likitokea neno lile lile halijui tena.

Baba yake husema ni mvivu. Mwalimu husema ni mjinga. Bibi yake hushuku kwamba kuna jirani aliyemtupia jicho. Nataka kueleza leo kwamba aghalabu wote watatu wamekosea, na kwamba shida ya mtoto huyu ina namna yake, yaweza kutambulikana na watu wa kawaida wasio madaktari, na yaweza kupunguzwa sana ikiwa haitaachwa mpaka mtoto avunjike moyo.

Wala mtoto huyu si wa kwetu peke yetu. Mwezi wa Novemba mwaka 1896 daktari mmoja Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliyekaa Seaford, mji mdogo wa pwani ya kusini ya Uingereza, aliandika katika gazeti la madaktari habari za kijana wa miaka 14 aitwaye Percy. Kijana huyo alikuwa na macho mazima na akili nyepesi, na katika michezo hakuwa nyuma ya wenzake. Alikuwa amefundishwa kusoma tangu umri wa miaka saba, tena kwa bidii nyingi. Walakini maneno aliyoweza kuyasoma yalikuwa yale mafupi kabisa, na alipoandika jina lake mwenyewe aliandika Precy, asilione kosa mpaka alipoonyeshwa zaidi ya mara moja. Daktari akamjaribu kwa hesabu, azidishe 749 kwa 867. Percy akafanya upesi, na jibu likawa sahihi. Mwalimu wake alikuwa na maoni kwamba lau masomo yote yangalikuwa ya mdomo, kijana huyo angaliwapita wote shuleni.

Siku zile madaktari waliiita shida hii upofu wa maneno. Jina hilo lilikuwa limetumiwa na Mjerumani Adolf Kussmaul mwaka 1877 kwa watu wazima walioumia ubongo. Mwaka 1887 Mjerumani mwingine, Rudolf Berlin, daktari wa macho, alitunga jina la disleksia, nalo ndilo lililodumu. Naona jina la upofu liliwapoteza watu njia kwa muda mrefu, kwa maana liliwafanya wadhani kwamba kasoro imo machoni. Leo imejulikana kwamba kwa watoto walio wengi shida kubwa haimo katika kuona herufi, bali katika kuzipambanua sauti ndogo ndogo zilizomo ndani ya maneno na kuzifunga pamoja na alama zake. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wameweza kupiga picha za ubongo wa mtu wakati asomapo, wakaona ya kuwa kwa watu wenye shida hii sehemu fulani za upande wa kushoto hazifanyi kazi kwa wepesi kama za wengine. Akili ya kufikiri, ya kukumbuka mambo aliyoyaona, ya kutengeneza vitu kwa mikono, hiyo yaweza kuwa nzima kabisa.

Tena shida hii hurithiwa. Jackie Stewart, Mskoti aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za magari mwaka 1969, 1971 na 1973, aliacha shule akiwa na miaka 15 akidhani, kama walimu wake walivyodhani, kwamba hana akili. Alikuwa amekwisha kupita miaka 40 mtoto wake alipopelekwa kupimwa kwa sababu ya shida ya kusoma. Baba naye akapimwa, na hapo ndipo alipolijua jina la kitu kilichomtesa tangu utotoni. Kwa hiyo, mzazi uliyeshindwa shule wewe mwenyewe, usimwambie mwanao kwamba amekufuata kwa ujinga.

Wataalamu hukadiria kwamba katika kila watoto mia, baina ya watano na kumi wana shida hii, wengine kidogo na wengine sana. Katika darasa la watoto 60 basi mwalimu atazamie kuwa nao watatu, pengine sita.

Sasa, tutawatambuaje? Hapa hatuna budi kukitazama Kiswahili chenyewe, kwa sababu vitabu vingi vya habari hizi vimeandikwa juu ya Kiingereza, na maendelezo ya Kiingereza yana mitego mingi hata kwa wenye lugha yao. Maendelezo ya Kiswahili ni manyofu: a ni a kila mahali, na ajuaye silabi zake aweza kulitamka neno asilopata kuliona. Ni neema kubwa, lakini neema hiyo humficha mtoto mwenye shida. Atajikokota ba, be, bi, bo, bu mpaka azijue, na katika darasa la kwanza na la pili ataonekana mzito tu. Siri hutoka baadaye, darasa la tatu au la nne, kurasa zinapokuwa ndefu na mwalimu anapoacha kufundisha kusoma na kuanza kufundisha mambo mengine kwa njia ya kusoma. Wenziwe wamekwisha kumaliza habari nzima, naye yungali mstari wa tatu.

Dalili ya kwanza, basi, ni mwendo. Husoma sahihi pengine, lakini polepole mno, silabi moja moja, na afikapo mwisho wa neno amekwisha kusahau mwanzo wake. Maneno yetu ya vitendo ni marefu, yametungwa kama shanga: watakapotuletea, hawakumwambia. Mtoto aliyechoka hushika shanga mbili tatu na zilizobaki hukisia. Palipoandikwa alipokuja husoma alikuja. Palipoandikwa hatukuja husoma tulikuja, na maana yote imepinduka.

Dalili ya pili imo katika imla. Mtazame aandikavyo maneno yenye sauti mbili zilizoshikamana mwanzoni au katikati. Nyumba itakuwa nyuba, kwanza itakuwa kaza, mbwa itakuwa bwa. Watoto wote hufanya makosa haya wanapoanza, wala hapana la kutisha. La kutazamwa ni kama makosa yanadumu mwaka wa tatu na wa nne, na kama neno lile lile huandikwa kwa sura mbalimbali katika ukurasa mmoja. Kadhalika kugeuza b ikawa d ni jambo la kawaida kwa mdogo wa miaka sita au saba. Likidumu sana kupita umri huo, litiwe maanani pamoja na dalili nyingine, si peke yake.

Dalili ya tatu hupatikana bila kitabu, na mimi naipenda kuliko zote kwa kuwa yaweza kuonekana hata kabla mtoto hajaanza shule. Watu wa pwani mwaujua mchezo wa kinyume, ambao watoto huchukua silabi ya mwisho ya neno wakaitanguliza mbele, ili wakubwa wasijue wanasema nini: samaki huwa kisama, nyumba huwa mbanyu, kitabu huwa bukita. Tangu zamani wazee wameufanya kuwa mchezo wa kuficha siri, lakini kwa hakika ni mazoezi mema kabisa ya sikio, maana hapana awezaye kusema kinyume asiyeweza kulikata neno vipande na kuvishika vipande hivyo kichwani. Mtoto mwenye shida tuliyoitaja mara nyingi hushindwa hapo, wakati wenziwe wa umri wake wanapiga porojo kwa kinyume toka asubuhi mpaka jioni. Sisemi kwamba kila asiyejua kinyume hatasoma. Wengine hawakuufundishwa tu. Basi ukaufundishe kwanza, kisha utazame.

Palipo na watoto wasioujua mchezo huo, jaribio rahisi lapatikana. Mwambie mtoto apige kofi kwa kila silabi: ki-ta-bu, makofi matatu, m-to-to, matatu, n-chi, mawili. Kisha mwulize: ukitoa ki katika kitabu, hubaki nini? Jibu ni tabu, na watoto hucheka. Asiyecheka, mtazame.

Nawasihi lakini msiwe wepesi wa kumpa mtoto jina la ugonjwa. Ziko sababu nyingine nyingi za kutoshika kusoma. Mpeleke kwanza akapimwe macho hospitalini. Simama nyuma yake hatua chache, umwite kwa sauti ndogo, uone kama anasikia. Sikio lililowahi kutoka usaha huweza kuharibu masomo ya mwaka mzima. Angalia kama amekosa siku nyingi shuleni kwa homa au kwa kuchunga. Angalia kama anakula kabla ya kwenda. Tena angalia lugha ya kwao. Mtoto ambaye lugha ya mama yake haitengi l na r ataandika karamu penye kalamu na kalamu penye karamu, naye si mgonjwa. Anaandika kama asemavyo, na hilo latengenezwa kwa mazoezi ya ulimi. Mwenye shida ya kweli hukosa hata katika sauti azitamkazo vizuri.

Kadhalika msidanganyike na kariri. Wako watoto, wenye shida hasa, wenye kumbukumbu kali ya maneno waliyoyasikia mara nyingi. Husimama na kitabu mbele ya uso na kuusema ukurasa mzima bila kosa, na pengine kitabu kimegeuzwa juu chini. Chuoni pia mwalimu wa Kurani humjua wa namna hii: sura amezihifadhi, lakini ukimwekea kijiti juu ya herufi moja katikati ya ubao hajui ni ipi. Dawa ya kumjua ni hiyo hiyo ya kijiti. Mwonyeshe neno lililo katikati ya mstari, ufunike lililotangulia na lifuatalo.

Hapa napenda kukiri jambo. Miaka mingi iliyopita nilifundisha darasa la tatu katika shule ya kijijini, na mlikuwamo mvulana aliyetengeneza magari ya mabua yenye magurudumu ya kupindika kona, kitu ambacho sikupata kukiona kwa mtoto mwingine. Katika imla niliwatajia neno ng'ombe mara tatu. Mara ya kwanza aliandika gobe, mara ya pili nobe, mara ya tatu ngobe. Nilidhani ananidhihaki, kwa kuwa nilijiambia mtu asiyejua hukosa kwa namna moja, hawezi kukosa kwa namna tatu. Nikamchapa mbele ya wenziwe, viboko viwili kwa kila neno. Kabla ya muhula kwisha aliacha shule, na baba yake aliponijia hakulalamika. Alinishukuru kwa kujaribu, akasema mtoto atafaa kuchunga. Leo najua ya kwamba namna zile tatu zilikuwa ni mtoto anayesikiliza kwa nguvu zake zote, na kila mara anashika kipande kingine cha sauti. Barua ilikuwa imeandikwa mbele yangu, nami ndiye niliyeshindwa kuisoma.

Fimbo, basi, haifundishi sikio. Mtoto aliyeogopa hushika kidogo kuliko alivyoshika kabla ya kuogopa. Wala hapana dawa ya kunywa wala kombe la kumfanya asome, na mtu akikuuzia usinunue. Lipo lakini fundisho, na sehemu kubwa ya fundisho hilo haina gharama.

Kwanza, muda uwe mfupi na uwe kila siku. Robo saa kila jioni hupita masaa matatu ya Jumamosi. Anza nyuma, pale anapojua kwa hakika, hata ikiwa ni aibu kwake kurudi kwenye silabi za darasa la kwanza. Kwa ajili hiyo mfundishe faraghani, wala usimsimamishe kusoma mbele ya darasa kabla hujampa ukurasa huo jana yake akautengeneza.

Pili, herufi ipite katika njia nyingi kwa mara moja. Mwache aichore kwa kidole mchangani, kubwa kama sahani, huku akiitamka sauti yake kwa nguvu. Jicho huona, sikio husikia, mkono hukumbuka. Katika nchi ya Marekani waalimu walioandama njia ya daktari Samuel Orton, aliyeanza kuandika juu ya watoto hawa mwaka 1925, walijenga mafundisho yao juu ya msingi huo. Sisi mchanga tunao tele. Herufi zinazofanana msizilete pamoja: b ishikwe majuma kadhaa mpaka isiweze kutikisika, ndipo d iingie.

Tatu, sauti zilizoshikamana zifundishwe kwa pua. Mwambie mtoto aweke kidole ubavuni mwa pua, aseme bata. Kisha aseme mbata. Katika neno la pili atasikia pua yake inatetemeka, na mtetemeko huo ndio ile m aliyokuwa akiiacha. Vivyo hivyo goma na ngoma. Nimeona watoto wakikaa kimya, kidole puani, wakinong'ona maneno kabla ya kuyaandika, na makosa yao yakapungua katika muda wa majuma machache. Wenzao watacheka siku mbili, kisha nao watafanya.

Nne, yale maneno marefu ya shanga. Kata kadi za karatasi ngumu, hata za maboksi ya sabuni, uandike vipande: wa, ta, li, ku, tu, m, soma, leta, piga. Mtoto ayapange mwenyewe: wa-ta-tu-leta, kisha atoe ta atie li, aone jinsi kesho inavyogeuka kuwa jana kwa kadi moja. Nadhani hapa Kiswahili humsaidia mtoto wetu kuliko lugha nyingi, maana kila kipande kina maana yake, na mtoto mwenye akili ya kuunda vitu hukipenda kile kinachoundika. Akikutana kitabuni na watakapotuletea hatakisia tena. Ataitafuta leta kwanza, kisha ataihesabu shanga moja moja.

Tano, asome habari ile ile fupi mara tatu au nne mpaka mwendo uwe laini, ndipo apewe nyingine. Na wakati huo wote elimu yake isisimame ikingoja kusoma. Dada yake amsomee kwa sauti kitabu cha maarifa na cha historia. Mwalimu amwulize kwa mdomo, ampe muda zaidi wa kuandika, na katika daftari la jiografia amsahihishe jiografia, asimkate alama kwa maendelezo. Mtoto aliyejua mito yote na milima yote, akapata sifuri kwa sababu hakuiandika sawasawa, hajifunzi maendelezo kwa sifuri ile. Hujifunza kuichukia jiografia.

Mwalimu aliyefanya haya miezi kadhaa asione faida, atafute msaada. Katika Kenya viko vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji ya pekee, vilivyoanzishwa mwaka 1984, na katika Tanzania chuo cha Patandi karibu na Arusha huwafundisha waalimu wa elimu hii. Mwalimu mkuu au afisa elimu aweza kuuliza kwa niaba ya mzazi. Msitazamie lakini kwamba shida itakwisha kabisa. Wengi wao hubaki wasomaji wa polepole maisha yao yote, na maendelezo huwaponyoka wanapochoka. Hujifunza kuizunguka shida, kama mtu wa kushoto ajifunzavyo kutumia mkasi wa watu wa kulia.

Yule mvulana wa magari ya mabua alikuwa fundi seremala, na milango yake imo katika nyumba nyingi za tarafa ile. Vipimo aliviandika kwa tarakimu bila shida, na majina ya wateja aliyaweka kwa alama alizozibuni mwenyewe: samaki kwa mvuvi, jembe kwa mkulima, msalaba kwa padre. Nilipomwendea, mvi zimekwisha kunitoka, kumwomba radhi na kumwambia kwamba nimejifunza jambo, alicheka kwanza, kisha akauliza kama limefaa kwa mtu mzima pia. Tulikaa jioni nyingi kibandani mwake, na badala ya mchanga tulitumia unga wa mbao. Mwaka uliofuata nililetewa barua yake ya kwanza, mistari minne, ya kunidai fedha za kiti. Ng'ombe hakumo ndani yake, lakini mbao zilikuwamo mara mbili, na mara zote mbili m yake ilikuwapo.